Sura ya Tatu: Mawe Mawili ya Panglima Jalak

Alhamisi saa nane mchana, mvua iliyoanza Jumapili ilikuwa bado haijachoka. Inspekta Zabedah alikuwa amesimama katikati ya makaburi ya Kuala Senduk ameshika miavuli miwili, mmoja wake na mwingine wa Koplo Muniandi, ambaye alikuwa amepiga magoti topeni akipima mashimo kwa futikamba.

Mashimo yalikuwa mawili, moja upande wa kichwa na jingine upande wa miguu. Yote mawili yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai.

"Kina sentimita arobaini," Muniandi alisema. "Upana haupimiki, Puan. Kingo zote zimebomoka. Ukiniambia hapa paling'olewa muhogo, natia saini."

"Tia saini kwamba hujui."

"Hiyo nimeshaizoea."

Zabedah aliinama akatazama. Tangu alipokuwa msichana wa shule alilijua kaburi hili kuwa la Panglima Jalak, shujaa aliyeuawa siku Waingereza walipopanda mto na mashua zao za mizinga. Mawe yake yalivikwa kitambaa cha manjano mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuyaona yakiwa wazi isipokuwa mtunza kaburi. Keshokutwa, Jumamosi, ndiyo ilikuwa kilele cha Wiki ya Urithi ya jimbo la Perak. Mwakilishi wa Sultani angekuja kuzindua kibao cha shaba, na mtaalamu wa makumbusho angevua vitambaa hivyo mbele ya watu wote. Jumatatu alasiri mawe yakaondoka, pamoja na vitambaa vyake.

Kwa siku mbili polisi hawakuwa na mtu. Leo asubuhi Pak Ngah Sidek, yule mtunza kaburi mwenyewe, alikuja kituoni kwa miguu, akavua viatu mlangoni kama anayeingia nyumbani kwa mtu, akasema ni yeye.

Pak Ngah alikuwa na miaka sabini na minne, na pumu. Kesho saa tatu asubuhi angepelekwa kwa hakimu, na kosa la kuiba mali ya urithi lilikuwa na kifungo ambacho mzee wa pumu hawezi kukimaliza akiwa hai.

"Mtu amekiri," Muniandi alisema akijifuta magoti. "Mkuu wa kituo anataka faili lifungwe. Sisi tunapima matope ya nini?"

"Nataka kujua amekiri nini."

*

Kituoni, mfanyabiashara Foo wa Ipoh alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Gari lake la mizigo lilionekana karibu na makaburi siku ya Jumatatu, na yeye hununua vitu vya kale kijiji kwa kijiji.

"Inspekta, mimi nanunua makabati!" alisema kabla hata Zabedah hajafunga mwavuli. "Makabati, vitanda, saa za ukutani. Nani atanunua jiwe la kaburi aliweke sebuleni? Mama mkwe wangu akiliona atahama. Ingawa, ukifikiria vizuri..."

"Gari lilikuwa linafanya nini pale?"

"Lilikufa! Limekufa saa saba, fundi amekuja kulivuta saa nane, mpaka magharibi niko gerejini kwake nacheza dama. Nimefungwa michezo sita. Muulize, atakuambia kwa furaha."

Muniandi alikuwa ameshamuuliza. Fundi alikuwa amesema michezo saba.

"Nenda nyumbani, Bwana Foo," Zabedah alisema. "Na asante kwa kungoja."

Foo alisimama, kisha akarudi hatua mbili. Alitoa mfukoni karatasi iliyofungwa kwa mpira. "Ndizi za kukaanga. Nilinunua zangu, lakini yule mzee kule ndani anakohoa toka nimefika, na sijaona mtu akimpelekea chochote. Mpe. Usimwambie zimetoka kwa mtuhumiwa mwenzake."

Zabedah alizipeleka mwenyewe.

Pak Ngah alikuwa ameketi sakafuni amejiegemeza ukutani, ingawa kitanda cha saruji kilikuwepo. Alipomwona alitaka kusimama. Zabedah akawahi kuketi chini pia, ili asisimame.

"Pak Ngah, nieleze tena. Polepole."

"Nilishaeleza, mwanangu. Nimeyatoa mimi, nimeyatupa mtoni."

"Kwa nini?"

"Hasira. Watu wa jimbo wanakuja na vibao vyao, hakuna aliyeniuliza."

Alisema neno hasira kama mtu anayesoma kibao cha duka. Zabedah alimjua maisha yake yote. Ndiye aliyekuwa akiwafungulia watoto banda lake mvua ikiwakuta njiani kutoka shule.

"Mawe ni mazito. Uliyafikishaje mtoni?"

"Niliyaviringisha. Jiwe la mviringo halina taabu. Unalisukuma tu kwa mguu."

"Na vitambaa?"

Mzee alivuta pumzi. Kifua chake kilipiga mluzi mwembamba. "Vimekwenda na maji," alisema hatimaye.

"Ulimwona mtu mwingine pale Jumatatu?"

"Hakuna mtu." Safari hii jibu lilikuja haraka mno. Akachukua ndizi moja, akaikata katikati, akampa nusu.

*

Mwanamke aliyeshona vitambaa vile kila mwaka alikuwa Mak Lang Rubiah, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti. Walimkuta anakuna nazi za rendang, mchuzi wa nyama wa sherehe ya Jumamosi, beseni lote limejaa.

"Ingieni, ingieni. Koplo, usivue soksi, sakafu ina unyevu. Kaa pale. Mnakunywa nini?"

"Hatunywi, Mak Lang. Nataka vipimo vya vitambaa vya Panglima."

Mkono wa mama ulisimama juu ya mbuzi ya nazi.

"Vipimo vya nini tena?"

"Kwa faili. Unavyo?"

"Viko kichwani." Alianza kukuna upya, kwa nguvu zaidi. "Nashona tu. Sidek huja mwezi kabla ya Ramadhani, ananiletea kitambaa, nashona, anachukua. Miaka thelathini."

"Unashonaje? Umbo gani?"

"Umbo la kawaida."

"Mak Lang," Zabedah alisema kwa upole, "kesho asubuhi Pak Ngah anapelekwa kwa hakimu. Amesema ni yeye. Ukiwa na neno litakalomsaidia, nipe leo."

Mama aliweka kifuu chini. Alijifuta mikono kwenye sarong yake, kidole kimoja kimoja, kisha akaingia chumbani. Alirudi na kitambaa cha manjano kilichoshonwa pande tatu.

"Hiki ni cha mwaka ujao. Nilikuwa nimeshaanza."

Muniandi alikipokea akakifungua. Akaingiza mkono ndani. "Hii ni foronya," alisema.

Ilikuwa foronya kweli: upana wa shubiri moja na nusu, urefu wa mkono, unene wa vidole vitatu. Zabedah alipitisha kidole kwenye mshono, kona mpaka kona. Kingekuwa cha jiwe la mviringo kingeshonwa kama mkono wa shati. Pale kwao jiwe la mviringo, kama nguzo, huwekwa kwenye kaburi la mwanamume. Jiwe bapa huwekwa kwenye kaburi la mwanamke. Hilo halikuwa jambo la wasomi. Hata mtoto wa chekechea alijua asimame wapi kumtafuta bibi yake.

"Yote mawili hivi?"

"Yote mawili."

"Kwa hiyo Panglima..."

"Mimi sijasema kitu," Mak Lang alisema. "Sidek alinambia, Rubiah, wewe shona, usimwambie mtu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, kuna mtu ataumia. Sasa mimi nina haja gani ya kumuumiza mtu ambaye hata simjui?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Kunyweni chai basi. Msitoke hivi hivi kwenye baridi."

Wakanywa chai.

*

Ndani ya gari Zabedah hakuwasha injini. Mvua ilipiga bati la gari kama mchele unaopepetwa.

"Pak Ngah anajua mawe ni bapa," alisema. "Ameyavalisha kwa mikono yake miaka thelathini. Lakini ananiambia aliyaviringisha kwa mguu."

"Ubao hauviringiki."

"Hauviringiki. Kwa hiyo hakuyapeleka mtoni. Na kitu anachokificha si mawe. Anaficha umbo lake. Nani mwingine alijua umbo?"

"Mak Lang. Na huyu mzee." Muniandi alihesabu kwa vidole. "Na aliyeyachukua."

"Nipe faili."

Maelezo yalikuwa matano. Ya Foo, ya fundi, ya imamu, ya Pak Ngah. Ya tano yalikuwa ya Cikgu Hamzan, mwalimu mstaafu wa lugha na mwenyekiti wa Chama cha Historia cha Kuala Senduk. Ndiye aliyegundua wizi na kutoa taarifa Jumanne asubuhi. Ndiye pia aliyeandika kijitabu cha Panglima Jalak, ambacho bila hicho jimbo lisingejua kama Kuala Senduk ipo. Zabedah aliwahi kukaa darasani kwake, safu ya pili.

Alisoma ukurasa wa kwanza, kisha akausogeza karibu na dirisha.

"Hapa pamekatwa. Nani amekata?"

Muniandi alichungulia, akacheka kwa uchungu. "Cikgu wako huyo. Mimi nimechapa vizuri, nimempa asome atie saini, yeye anatoa kalamu ananisahihisha kama niko darasa la tatu. Eti siwezi kuhesabu."

Kwa lugha ya pale mtu hasemi mawe mawili hivi hivi. Lazima katikati aweke neno la kuhesabia, na neno hilo hufuata umbo la kitu. Muniandi, ambaye lugha aliyonyonya nayo ni Kitamil, alihesabu kila kitu kwa neno moja, *biji*, neno la mayai na matunda. Kwake magari yalikuwa biji, nyumba biji, hata wahalifu biji.

Alikuwa amechapa: *dua biji batu nisan*, mawe mawili ya kaburi. Neno *biji* lilikuwa limepigwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu, pameandikwa *keping*, na pembeni herufi mbili za jina la mwalimu.

"Muniandi. Keping ni kwa vitu gani?"

"Mimi unaniuliza? Mimi mtu wa biji."

"Ubao ni keping. Karatasi. Bamba la chuma. Kitu bapa." Alifungua kijitabu cha Cikgu, ukurasa wa kumi na nne. "Soma hapa. Kimeandikwa miaka kumi iliyopita."

Muniandi alisoma kwa kidole. "*Dua batang*. Mawe mawili... batang ni kwa magogo, si ndiyo? Penseli. Nguzo." Kidole chake kilisimama. "Kitu kirefu cha mviringo."

"Miaka kumi iliyopita yalikuwa nguzo, kwa sababu Panglima ni mwanamume na hakuna aliyeyaona. Jumanne yamekuwa mbao. Na mtu huyu alinisimamisha dakika arobaini kwa mguu mmoja kwa sababu nilisema samaki mmoja kwa neno la kuhesabia matunda. Hakosei."

Koplo alitazama mstari wa wino muda mrefu.

"Angeniacha tu na biji yangu," alisema.

*

Cikgu Hamzan aliishi peke yake kwenye nyumba ya mbao ya nguzo fupi. Sebuleni kulikuwa na mabango ya Jumamosi yaliyopangwa ukutani kwa mfululizo: ramani ya mto, picha ya daraja la reli, picha ya mgodi wa bati uliofungwa, mchoro wa Panglima ameshika kisu chake. Mwalimu alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, lakini ana ndevu za siku tatu.

"Zabedah. Karibu. Koplo, karibu. Mmepata chochote?"

"Tumepata kidogo, Cikgu." Aliweka karatasi mezani. "Hili ni sahihisho lako?"

Mwalimu alivaa miwani. "Ni langu. Aliandika biji. Mawe ya kaburi si mapapai."

"Kwa nini keping?"

Alifungua mdomo kueleza, kama alivyoeleza miaka thelathini na mitano mbele ya ubao. Kisha akaufunga. Muniandi alitazama viatu vyake.

"Ulitia saini kwamba hukuwahi kuyaona yakiwa wazi," Zabedah alisema.

"Nilikosea. Ni uzee."

"Cikgu."

"Nimesema nilikosea! Inspekta haruhusu mtu kukosea?"

"Pak Ngah yuko selo tangu asubuhi," Zabedah alisema. "Amekiri ameyatupa mtoni. Kesho saa tatu yuko mbele ya hakimu."

Mwalimu alivua miwani taratibu. "Sidek?"

"Hukusikia?"

"Sijatoka nje tangu Jumanne. Sidek amekiri nini? Sidek hajafanya kitu." Alikuwa ameshasimama, anatafuta kitu mezani, anakishika, anakiacha. "Ana pumu yule. Mmempa dawa yake? Ni ile ya rangi ya buluu, si ya kahawia. Zabedah, ile ya kahawia ni ya asubuhi tu."

"Anayo ya buluu."

Alishika ukingo wa meza. Kisha akaenda chumbani bila kuambiwa, nao wakamfuata.

Mawe yalikuwa kitandani, upande uliokuwa wa mkewe, yamefunikwa batiki. Yalikuwa yameoshwa. Kila mchongo ulikuwa umesafishwa kuvu ya kijani kwa kitu chembamba, na mswaki ulikuwa bado juu ya stuli. Vitambaa vya manjano vilikuwa vimekunjwa pembeni.

"Jumapili nilikwenda kupiga picha za maonyesho," mwalimu alisema. "Upepo ulikuwa umepasua kitambaa. Nikaona ukingo. Ukingo tu, wa bapa. Nikasema labda macho. Jumatatu nikarudi na koleo." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha. "Barabara ya sokoni ina jina lake. Shule ina wimbo wake. Wimbo niliutunga mimi. Watoto wamevaa sare ya Panglima, wamefanya mazoezi kwenye mvua hii wiki tatu. Nikasema, yakipotea, kibao kitawekwa, na hakuna atakayejua."

"Ungeyafanyaje?"

"Nilitaka kuyatupa mtoni. Nikaanza kusoma."

Zabedah aliinama. Maandishi yalikuwa ya herufi za Kiarabu, ya zamani, yaliyoacha irabu nyingi. Aliyasoma kwa shida, na mwalimu hakumsaidia mpaka alipokwama.

"Wan Kemala," mwalimu alisema. "Mkunga. Mwaka wa Hijria elfu moja mia mbili tisini na sita. Halafu chini, tazama, mtu ameongeza kwa mkono mwingine, si wa fundi yule yule: *watoto wako wa mto huu*." Alifunika jiwe tena kwa batiki, akavuta pembe ikakaa sawa. "Nimekaa naye siku tatu. Miaka ishirini na miwili namletea maua ya mtu mwingine."

Simu ya Zabedah ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Mawe yamepatikana, bwana," alisema. "Pak Ngah hahusiki, naomba aachiwe leo hii. Ndiyo. Hapana, la Jumamosi sijui. Waambie watu wa jimbo kaburi lina mwenyewe, na si yule waliyemwandika."

*

Kazi ya karatasi ilimaliza alasiri. Cikgu Hamzan alitoa maelezo mapya. Muniandi aliyachapa kwa vidole viwili, akampa asome, na mwalimu alitia saini chini bila kugusa neno lolote, ingawa makosa yalikuwepo. Akavua mkanda, akavua saa, akaviweka kwenye trei.

Wakati huo huo wa saa kumi na moja Pak Ngah alikuwa anatoka. Wazee wawili walikutana kwenye ujia mwembamba, mmoja ameshika mfuko wa plastiki wenye vitu vyake, mwingine mikono mitupu. Zabedah alimpa Muniandi ishara asiharakishe.

"Uliniona Jumatatu," mwalimu alisema.

"Nilikuwa bandani."

"Na umbo ulilijua. Miaka yote hiyo. Nilikuja kwako kila wiki na daftari, Sidek. Kila wiki! Ningekuwa mjinga wa mwaka mmoja tu. Kwa nini hukuniambia?"

Pak Ngah alihamisha mfuko mkono wa pili.

"Ulikuja mara ya kwanza wiki mbili baada ya kumzika mkeo," alisema. "Ulikuwa huli. Rubiah anakuletea uji, unaurudisha na bakuli lake limejaa. Ukasimama pale ukaniuliza, hapa amelala nani? Nikasema, watu husema Panglima. Kesho yake umekuja na daftari. Umeandika mpaka adhuhuri, halafu umekaa bandani kwangu umekula wali sahani mbili." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Nilitaka kukuambia ukipona. Sasa nikuambie siku gani?"

Muniandi alifungua mlango wa chuma, mwalimu akainama akaingia, ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha.

Nje ya lango mpwa wa Pak Ngah alikuwa anapiga honi. Mzee alifika katikati ya ujia, akageuka, akarudi mpaka kwenye nondo.

"Cikgu," alisema. "Lala upande wa mlango. Wa dirishani unavuja."